Mashine Iliyopewa Jina la Marehemu

Waya ulikuwa mkononi mwa Nasike, ameuchomoa mwenyewe, na bado ile mashine ikajibiwa.

Tuelewane hapo kwanza. Ile seva ya Unix, pale kwenye kachuo ka kompyuta Kawangware mwaka wa tisini na nane, haikuwa na mahali pa kutia CD. Mfumo wake ulipaswa kuvutwa kwa waya kutoka kompyuta ya pili, ambayo mafundi waliiita mama. Ukiiwasha seva, inataja namba yake na kuuliza: mimi ni nani? Mama anatazama orodha, anaipa jina, ndipo anaimiminia mafaili. Siku tatu iliuliza bila jibu. Nasike alibadilisha waya, akahakiki namba tarakimu kwa tarakimu, wapi! Mchana huo akazima mama na kuchomoa waya, aanze upya. Ndipo jina likatokea kwenye skrini.

SHIUNDU.

Lilikuwa jina la marehemu mumewe, na la mtoto aliyekuwa mgongoni mwake. Mtoto alizaliwa baada ya mazishi, akalia wiki nzima, akakataa titi, akabaki mifupa, mpaka mama mkwe Nasipwondi akampakata kule nyumbani kwake Kianda akimtajia wafu wa ukoo mmoja mmoja. Alipofika kwa Shiundu, mtoto akanyamaza, akanyonya. Usije ukamwambia Nasike eti jina ni neno tu. Lile ndilo lililomweka mwanawe hai.

Sasa mtoto akaanza kulia.

"Oketch," Nasike akanong'ona, "kuja uone. Nani ameandika hii?"

Oketch, fundi mwenzake, alikuwa rafiki wa Shiundu tangu wakipanga chumba kimoja mtaani Kambi Muru. Ndiye aliyebeba jeneza upande wa kichwa. Ndiye aliyempa Nasike kiti cha mumewe hapa kazini. Alitazama skrini, jasho likamtoka.

"Si mama imezimwa?"

"Imezimwa. Nani ameandika?"

"Ni mimi, shemeji. Asubuhi, kwa orodha ya mama." Akaketi sakafuni. "Amekuwa akiniita, kila nikifumba macho. Kwetu pia mfu akikusumbua, unampa mtoto jina lake anatulia. Mimi sina mtoto. Nikaona hii nayo inalia ikitafuta jina…"

"Akusumbue kwa nini? Ulimkosea nini?"

"Mkono wake ulikuwa ndani ya hii mashine. Akaniambia nisiwashe. Nikasahau."

"Ulituambia stima ilipotea ikarudi ghafla, ikamuua! Uliniambia mimi, mbele ya kaburi!"

"Niliogopa, shem."

Kikulacho ki nguoni mwako, bwana! Oketch alikula chakula cha Nasike, akamfuta machozi. Nasike alimchukia. Lakini mtoto alikuwa akilia, kwa hiyo akawasha mama, akafuta lile jina kwenye orodha, akaizima seva na kuiwasha tena.

Seva iliuliza. Mama hakujibu. Kisha harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani, na feni ndani ya lile sanduku ikaanza kuvuta pumzi na kuitoa, polepole, kama mtu aliyelala, na jina likarudi kwenye skrini, na mafaili yakaanza kuingia moja baada ya jingine ilhali waya ulikuwa bado unaning'inia pembeni, na kadiri yalivyoingia ndivyo kilio cha mtoto kilivyofifia mgongoni, kikawa kwikwi, kikawa kimya, na Nasike akakimbia bila viatu.

Kianda, Nasipwondi alianza kuwataja wafu upya, akianzia na Shiundu. Mtoto akamwangalia kama anayetazama ukuta. Akataja Wekulo, akataja Wanzala, akarudi mpaka kwa wafu ambao makaburi yao hayajulikani tena. Mchungaji akaja, akaomba mpaka sauti ikakauka. Siku mbili mtoto hakunyonya.

"Mahali jina limeenda ndiko roho yake iko," mama mkwe akasema, huku akilia. "Mpeleke, mwanangu. Tutafanya nini?"

Siku ya tatu asubuhi Nasike alisimama mlangoni pa chuo. Seva ilikuwa ikifanya kazi, safi, haina kosa hata moja. Mtoto akageuza shingo kuielekea, akacheka, akatafuta titi.

Oketch akainuka, akamvutia kiti kando ya mashine, karibu na chake. Nasike akamtazama huyo aliyemuua mumewe, akamtazama mtoto anavyonyonya, akakaa.