Meza Iliyofunikwa Shuka

Kila asubuhi Kifutio alipita ukumbini kiubavu, mkoba kifuani. Walimpa binti huyo jina hilo kwa sababu kifutio cha penseli hakikumtoka mkononi. Ukumbi ulibanwa na meza ya kuchorea ya kaka yake, iliyofunikwa shuka jeupe. Watu wa nyumba hiyo walipoikaribia, walishusha sauti, kama wapitao karibu na maiti.

Kaka yake alikuwa na shahada ya usanifu wa michoro ya kuchapwa. Ili aipate, wazazi waliuza kiwanja. Akarudi na meza, akatafuta kazi miaka miwili, kisha akaenda mji wa mbali kulinda ghala. Hakurudi tena. Mama alipangusa vumbi juu ya shuka, hakulifunua.

Kifutio alikuwa anamaliza shule. Jioni moja, wakati wa kula, alijikaza.

"Baba, niliwaambia nitasomea uhasibu. Niliwadanganya. Nataka usanifu."

Mama aliweka kijiko chini. Baba, fundi kufuli, hakuinua macho.

"Meza hiyo imeshamla mtoto mmoja. Haimli wa pili."

"Lakini kaka mlimwuliza mambo yaliharibikia wapi?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza. Walimwonea huruma, wakamwacha. Baba akachukua simu, akampigia, akaweka sauti kubwa.

"Nilidhani mmechoka kunisikia," kaka alisema, sauti yake ikitoka kama chini ya kisima. "Miaka minne nilichora mezani na kwenye kompyuta. Kiwanda cha uchapaji sikuingia hata siku moja. Nilipoomba kazi ya kusanifu maboksi, wakaniuliza rangi hii itatokaje kwenye karatasi ya kahawia. Nikabaki nimekodoa macho."

"Kwa hiyo nisisome?" Kifutio aliuliza.

"Soma, mdogo wangu. Ila kabla ya kulipa, waulize watu wa chuo wahitimu wao wako wapi. Halafu uwatafute mwenyewe."

Mama akainamia simu. "Umekula, mwanangu?"

Wiki iliyofuata, Kifutio na baba walikwenda kwenye chuo alichosoma kaka, jengo la vioo tupu. Karani aliwaonyesha ada.

"Wahitimu wenu wako wapi?" Kifutio aliuliza.

"Wako kila mahali!"

"Aliye kila mahali ni jini," baba alisema. "Twende zetu."

Chuo cha pili kilikuwa nyuma ya kiwanda cha uchapaji, na wanafunzi walikuwa na wino kwenye kucha. Kilitoa stashahada tu, kwa ada ndogo zaidi. Mwalimu aliwapa namba za simu za wahitimu watatu, nao wakazipiga palepale. Wawili walikuwa kazini. Wa tatu aliuza viatu. "Kazi za usanifu zipo, lakini si nyingi," alisema. "Mimi sikuvumilia kuanzia chini."

Jibu hilo, lisiloficha kitu, ndilo lililomtuliza baba.

"Utaanza hapa," alimwambia Kifutio. "Shahada utaifuata ukiwa na kazi, kama bado utaihitaji."

Walitembea hatua chache. Baba akasimama.

"Kumbuka hili, binti yangu. Usilipie kitu kwa sababu kinang'aa, uliza kwanza. Na ukimwona mtu wako amenyamaza, muulize pia. Kaka yako hatukumwuliza alipokwenda chuoni, wala aliporudi. Hilo la pili ndilo linaloninyima usingizi."