Mkanda wa Kiti cha Abiria

Kisa hiki alinipa wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, yule aliyekuwa muuguzi. Wifi hakuwa mtu wa kutia chumvi kwenye maneno, na mkono wake mwenyewe umo humu ndani, mtauona mbele. Haya, sogeeni. Wewe, toa mguu juu ya mwenzio.

Palikuwa na fundi wa umeme wa magari. Watu walimwita Uhakika, maana ukimuuliza lolote, jibu lake lilikuwa hilo hilo. Itawaka? Uhakika. Haitaungua? Uhakika. Hata siku ya posa, baba mkwe alipomuuliza kama ataweza kumtunza binti yake, alijibu hivyo hivyo, nyumba nzima ikacheka. Wakaoana. Mtoto hawakujaliwa, lakini walikuwa nao wenyewe, na ilitosha. Mkewe alikuwa mshona mapazia, mwepesi wa ulimi, na alikuwa na kigari chake kidogo cha kupelekea wateja kazi zao.

Siku moja kigari kikafa uso. Vile vimishale vya mwendo na mafuta vilivyo mbele ya usukani vikalala vyote, na namba za kilomita zikazimika. Kibao chote kile mafundi hukiita mita. Uhakika akaifungua, akaikuta imeungua ndani. Akaenda uwanja wa magari chakavu, akachomoa nyingine kwenye gari la aina ileile, lililokuwa limebondeka mbele kama kopo lililokanyagwa.

"Chukua tu hiyo, fundi," muuza vyuma akamwambia. "Gari lenyewe kesho linakwenda kuyeyushwa."

Sasa sikilizeni. Mita iliyotoka gari jingine huja na mambo ya kwao. Inakumbuka ufunguo wake, inakumbuka kilomita zake. Fundi mzuri huiunganisha na mashine ya kusomea kumbukumbu za gari, akaifuta yote kwanza iwe kama daftari jipya, ndipo akaiandikia mambo ya gari lake. Ila kufuta kuna hatari, mara nyingine mita humfia fundi mkononi. Na siku hiyo mkewe alikuwa kasimama mlangoni pa gereji, mapazia begani.

"Fundi, mteja ananisubiri."

"Dakika tano, bibie."

"Dakika za saa yako au za watu wengine?"

Akacheka. Mashine ikamuuliza kama ifute kumbukumbu ya zamani, naye akabonyeza hapana. Akaandika kilomita za kigari tu, kwa haki, hakupunguza hata moja. Zile ilizokuja nazo mita zilikuwa zimezidi kama mia mbili hivi. Akaziandika kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi ya gundi, akakibandika nyuma, maana ndiyo ilikuwa desturi yake kwa kila kifaa cha zamani. Akafunga skrubu.

Mita ikawaka vizuri. Isipokuwa taa moja nyekundu ilikataa kuzimika, ile ya kusema abiria hajafunga mkanda, na kengele yake ti, ti, ti. Na kiti cha abiria kilikuwa kitupu.

"Waya huo. Nitauangalia ukirudi."

"Hakuna neno?"

"Uhakika."

Akaondoka. Ti, ti, ti, njia nzima. Alipofika kona ya tatu kichwa kinamuuma, akafanya ambalo yeyote angefanya: akauvuta mkanda wa kiti kile kitupu, akauchomeka. Na kwa vile alikuwa mtu wa mzaha, akasema, "Haya bwana, karibu. Mkanda umefungwa, twende."

Kengele ikanyamaza. Na ule mkanda ukajivuta wenyewe, taratibu, ukakaza, kama unavyokaza ukishakipata kifua cha mtu.

Alirudi saa nane mchana, jua kali, na alikuwa amejifunga mtandio kama mwenye baridi. Hakusema mzaha. Alimsogelea mumewe mpaka sikioni.

"Mume wangu, kile kiti kina mtu."

"Kina waya mbovu, bibie."

"Nikikata kona, mkanda unalala upande."

Uhakika akachomeka mashine. Mashine ikasema hakuna hitilafu, ikasema pia kwenye kiti cha abiria kuna uzito. Akaingiza mkono chini ya kiti, akachomoa soketi ya kipima uzito. Mashine ikasema uzito upo. Akaweka kiganja pale juu ya kitambaa kuhakikisha, na kitambaa kilikuwa na joto, siyo joto la jua, lile joto la mtu aliyeinuka sasa hivi, au ambaye hajainuka, na puani ikamjia harufu ya marashi mazito yaliyochanganyika na plastiki iliyoungua.

Akafunga gari, akaficha ufunguo. Kesho yake asubuhi akakuta kilomita zimepanda ishirini. Gari halikuwa limetoka, vumbi la jana lilikuwa bado chini ya matairi. Akatoa betri akaiweka mezani. Mita ikabaki imewaka, na mbele ya macho yake, gari limesimama halina betri, namba ikasogea moja, kimya kimya, kama mtu anayemeza mate. Siku kwa siku ikawa hivyo. Ndipo alipokumbuka ile karatasi ya nyuma. Akaifungua mita, akalinganisha. Ile namba aliyoiandika kwa mkono wake ndiyo iliyokuwepo siku lile gari la kwanza lilipobondeka. Na kigari cha mkewe kilikuwa kinaifuata. Zilibaki arobaini na moja.

Wakamwita mganga, mzee mmoja mpole, mfuko wake kwapani. Akaingia garini, akanusa, akatoka mbio kuliko alivyoingia.

"Nani kamkaribisha?" akauliza.

Mke akainamisha uso. "Mimi, babu. Nilikuwa nacheka tu."

"Mrudisheni kwenye gari lake."

"Limeshayeyushwa," Uhakika akasema.

Mzee akakaa chini, pale pale kwenye mafuta ya gereji. "Mwanangu, huyu hakai kwenye gari. Anakaa kwenye safari, na safari yake ilikatika njiani. Gari utalivunja. Safari utaivunja kwa kitu gani?" Akachukua mfuko wake, akaenda zake, hata maji hakunywa.

Uhakika hakukubali. Akaing'oa mita, akaipiga nyundo mpaka ikawa unga, kigari nacho akakikatakata mwenyewe vipande. Zilikuwa zimebaki thelathini na nane. Jioni wakala, wakacheka kidogo hata.

Asubuhi mkewe alikuwa kwenye cherehani, anapinda pazia, uzi mdomoni. Akasema namba. Namba nzima, ndefu, sauti ya mtu anayesoma kibao.

"Umesema nini?"

"Mimi? Sijasema kitu."

Uhakika akahesabu. Zimebaki thelathini na saba.

Kila siku moja. Akampeleka mkewe kwa mama yake mzazi, mke akashuka, akapiga hodi, mama akafungua mlango kwa shangwe, na salamu ya kwanza aliyompa mama yake ilikuwa namba. Wakapelekwa kwa madaktari, wakasema ni mzima. Wakaombewa na kila anayejua kuomba. Ishirini. Tisa. Mbili. Nguo zake zikaanza kunukia yale marashi, na plastiki.

Siku ya mwisho Uhakika alifunga mlango kwa funguo. Akamkalisha sebuleni kwenye kiti cha mbao, miguu minne, hakina gurudumu, akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili. Ilikuwa adhuhuri, jua limejaa dirishani, unasikia watu nje wanapita na shughuli zao.

"Fundi," mkewe akamwita. "Itapita?"

Akafungua mdomo. Lile neno lake la siku zote, alilompa hata baba mkwe, alilitafuta akalikosa. Akabaki anamtazama tu.

"Basi nishike," mkewe akasema.

Akamshika kwa nguvu zake zote, na akasikia kile kiti kinalia kama kimebeba watu wawili, na ile harufu ikaja ikajaza sebule mpaka macho yakamwaga machozi, na kutoka mbali, kana kwamba ukuta ule una barabara ndani yake, ukaja mngurumo, ukakua, ukakua, mkewe akataja namba polepole mpaka tarakimu ya mwisho, kisha breki zikalia humo humo ndani, na vioo, vioo vingi vikapasuka, katika nyumba ambayo kioo chake hata kimoja hakikuvunjika.

Uhakika alipofumbua macho alikuwa bado ameshika mikono ya mkewe. Ilikuwa imelegea.

Wifi yangu ndiye aliyempokea yule marehemu hospitalini, yeye ndiye aliyemfungua vifungo. Akakuta alama ya mkanda, nyeusi, imeshuka kutoka begani mpaka nyongani, kama ya watu wanaoletwa kutoka kwenye ajali. Na wifi alishapokea wengi, alijua kuzisoma. Ya dereva hushuka kutoka bega moja, ya abiria kutoka bega la pili.

Hii ilikuwa ya abiria.

Yaani mwenye kuendesha alikuwa mwingine.

Uhakika yupo, au alikuwepo mpaka wifi alipofariki. Hafanyi kazi. Ukimuuliza jambo anakutazama tu.

Hapana, usiniulize namba. Wifi alinitajia, nami siisemi, wala siihesabu. Haya, vuteni shuka, mlalie upande mmoja wote. Laleni.