Kiatu Kilichokatwa Mlimani

Baba yangu ni fundi viatu. Kisu chake kidogo na uzi wenye nta havimtoki mfukoni, hata akienda harusini. Mama humtania, "Iko siku utashona mkate!"

Mwaka jana Baba alimshonea Mama viatu vya ngozi nyekundu. Alivishona kwa wiki mbili. Vilikuwa vizuri mno, ila viliishia chini ya kifundo cha mguu. Mama alivipenda hata akavivaa siku tuliyokwenda na mjomba kupiga kambi mlimani.

Mwongozaji wetu alikuwa dada mmoja mwembamba. Watu walimwita Fimbo, kwa kuwa hakupiga hatua bila kugonga njia kwa fimbo yake.

"Mama, hivyo ni viatu vya sebuleni," Fimbo alisema. "Huku tunavaa buti na suruali ndefu. Basi kanyaga ninapokanyaga mimi."

"Viatu vya mume wangu vinafika popote," Mama alijibu kwa maringo.

Saa nne asubuhi Mama aliona ua zuri kando ya njia. Akatoka kwenye mstari, akakanyaga majani makavu. Majani yakafoka, "Fsss!" Mama akapiga ukelele.

Alikuwa nyoka mfupi, mnene, wa rangi ya majani yale yale.

"Kifutu!" alisema Fimbo. "Rudini nyuma wote. Msimguse."

Tulimbeba Mama hadi mahali salama. Kwenye kifundo kulikuwa na matundu mawili yenye damu. Baba alikuwa ameshachomoa kisu na uzi.

"Nafunga mguu, nachanja, nafyonza sumu," alisema. Akapiga magoti kando ya mguu.

Fimbo alimshika mkono. "Hapana, Baba. Ukikaza uzi, mguu unaweza kufa. Ukichanja, unaongeza jeraha tu, sumu haitoki. Kufyonza nako ni bure."

"Sasa nimwangalie mke wangu akifa?"

"Kama lazima ukate, kata kiatu. Mguu utavimba na kiatu kitaubana."

Baba alikitazama kile kiatu cha wiki mbili. Kisha akapitisha kisu kwenye mshono wake mwenyewe, polepole, bila kugusa mwili wa Mama hata kidogo. Sijawahi kumwona akifanya kazi nzuri kuliko ile.

Fimbo alimvua Mama kikuku cha mguu ule. Akaunyoosha mguu, akaufunga kwenye kijiti kwa kitambaa, bila kukaza.

"Nijaribu kutembea?" Mama aliuliza.

"La, Mama. Ukitembea, sumu inasambaa haraka. Wewe tulia, sisi tutatembea."

Alipiga simu hospitali. Tukatengeneza machela kwa turubai la hema na miti miwili. Mjomba alitaka kurudi kumuua nyoka.

"Ukimrudia, tutabeba wagonjwa wawili," Fimbo alimwambia. "Twende!"

Hospitali Mama alipewa dawa ya kuzuia sumu ya nyoka. Mguu ulivimba sana. Baba hakulala. Siku ya tatu daktari akasema, "Mmemleta mapema na hamkumchanja. Mguu utapona." Baba alilia mbele ya watu.

Mwezi uliopita tulirudi mlimani. Mama alivaa buti ndefu, kazi ya Baba. Fimbo alisimama ghafla, akatuonyesha kwa mbali kifutu mwingine akiota jua. Mgongo wake ulikuwa na mistari ya njano na kahawia.

"Nimeshika ngozi miaka thelathini," Baba alinong'ona. "Sijaona iliyopangwa vizuri hivi."

"Basi iache kwa mwenyewe," alisema Mama. Tukamzunguka kwa mbali.

Leo kiatu chekundu kinaning'inia dukani kwa Baba. Wateja humuuliza, "Fundi, mbona umekiharibu kiatu kizuri hivi?"

Baba hunyoosha kidole nje. Mama anakuja kutoka sokoni, kwa miguu yake miwili.