Bega la Kulia la Mathe

Siku Séphora alipokutana na Mathe walianza kwa kuvutania kitambaa, tena mbele ya watu. Soko kuu la Butembo lilikuwa limefurika. Pikipiki zilipiga honi hadi ndani ya vichochoro vya wauza nguo, wachukuzi wakapaza sauti wapishwe, na katikati ya fujo hiyo msichana mwembamba mwenye blauzi ya manjano aliyoishona mwenyewe alikuwa ameshika ncha moja ya kitambaa cha suti, cha bluu nzito. Ncha ya pili ilishikwa na kijana asiyekuwa na adabu hata kidogo.

Kilikuwa kipande cha mwisho. Kwa sababu ya vita, mizigo ya kutoka Kampala ilifika kwa kubahatisha, na kitambaa kama hicho hakingeonekana tena upesi.

"Acha hiyo, papa," Séphora alisema. "Miye ndiye nilishika wa kwanza."

"Weye ulishika na macho. Miye nilishika na mukono."

"Unataka kufanya nayo nini? Kufunika ngunia ya kahawa?"

"Suruali. Juu miye natembeaka na suruali, kama vile unaona."

"Ile unavaa ndiyo unaita suruali? Magoti yake inafika mbele ya weye mwenyewe!"

Mwenye duka alicheka hadi akaegemea rafu. Kijana hakucheka, lakini hakuachia kitambaa pia. Ndipo Séphora alipomtazama vizuri, kama alivyofundishwa kutazama watu, kuanzia shingoni kwenda chini. Alikuwa mrefu, kifua kipana, shati la drafti lililopauka. Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka chini ya la kushoto, kama nyumba iliyotitia upande mmoja.

Séphora alikuwa anasomea mavazi kwenye chuo kikuu, mwaka wa mwisho. Ili apate diploma ilimpasa kupeleka mbele ya jury, jopo la walimu watahini, suti ya mwanamume, iwe imevaliwa na mtu yule yule aliyepimwa. Madame Antoinette, mkuu wa idara, alikuwa amemwahidi zaidi ya hapo: akipata distinction, yaani alama za juu, angebaki chuoni kama msaidizi wake. Na Madame alikuwa akiwarudia kila siku kwamba mshonaji hodari ni yule anayeondoa kasoro ya mwili. Séphora alilitazama lile bega na moyo ukamruka. Tuseme ukweli, siku hiyo hakumpenda Mathe. Alipenda kasoro yake.

"Sikia," alisema. "Niachie kitambaa, na unipe mwili yako nipime. Jury ikiisha, suti ni yako."

"Bure?"

"Bure."

"Batu ba chuo kikuu bote bako na wazimu hivi?"

"Hapana. Ni miye tu."

Basi ndivyo yalivyoanza. Mathe alifanya biashara ya mafuta ya mawese na kahawa, akiyatoa upande wa Kamango na kuyashusha katika depo yake ya Beni, na kila alipopanda Butembo alipita chumba cha kushonea. Walipimana na kutukanana. Mathe alimwita "docteur wa vifungo", naye akamwita "kichwa ya mawe". Jioni kijana alimsindikiza hadi kwake, na Séphora aligundua kwamba Mathe hutembea daima ubavu wa kulia ukiwa upande wa ukuta, ili watu wa barabarani wasilione bega. Siku moja tu alimweleza, tena kwa haraka. Wanajeshi walimkamata karibu na Kamango wakambebesha masanduku ya risasi. Mfupa ulipovunjika akaanguka, wakampiga mateke, wakachukua mchukuzi mwingine. Mfupa ukajiunga wenyewe jinsi ulivyotaka.

"Usiguse hapo," alimwambia. "Fanya kazi yako, mais hapo usiguse."

Hakuligusa. Alipima bega la kushoto peke yake, akakunja kitambaa mara mbili, akapitisha makasi mara moja, na pande mbili zikatoka pacha. Ndivyo walivyofundishwa. Nafasi iliyobaki wazi upande wa kulia aliijaza pamba, akaishindilia hadi koti likasimama sawasawa.

Siku ya kujaribu, Madame Antoinette mwenyewe alikuja. Alikuwa mama mnene wa Kisangani, viatu vyake daima viking'aa, aliyekwama Butembo tangu vita ilipofunga njia ya kurudi kwao. Alimzungusha Mathe mbele ya kioo.

"Voilà!" alisema. "Bravo, Séphora. Bega mbovu limepotea kabisa. Hakuna mutu atajua."

Séphora alitabasamu hadi masikioni. Mathe alijitazama kwenye kioo muda mrefu. Madame alipotoka, alivua koti polepole na kulitupa mezani.

"Huyu ni nani?"

"Ni weye, chéri. Uko muzuri kabisa!"

"Hapana miye. Ule mutu hajabeba kitu hata siku moja." Sauti yake ilikuwa chini, na hiyo ndiyo iliyomtia Séphora baridi. "Donc miye ni kasoro. Unanitembeza njiani, unanichekea, na kumbe unatafuta namna ya kunificha."

"Weye mwenyewe unajifichaka kwa ukuta kila siku!"

"Miye niko na ruhusa. Weye, nani alikupa?"

"Ni sheria ya chuo, kichwa ya mawe! Unataka nianguke?"

"Basi uende na sheria yako."

Alikwenda zake Beni kabla ya mvua ya mchana, na hakupanda tena.

Séphora aliapa hatamtafuta. Kiapo hicho hakikumaliza juma. Jury ilikuwa inakaribia, koti halikuwa na mtu, na usiku alimwota yule jeuri na suruali yake mbaya. Mwishowe akaenda kwa Malachie, mwenye phonie, ile simu ya redio, katika chumba kidogo chenye redio, batiri ya gari na benchi lililojaa watu. Kwenye phonie hakuna siri. Mmoja husema, akimaliza anasema "à toi", ndipo wa pili ajibu, na benchi zima linasikia.

"Beni, Beni, hapa Butembo," Malachie aliita. "Mathe wa depo ya mafuta ako hapo? À toi."

Redio ilikoroma. "Ako hapa. Mais anasema hana kitu ya kuambia huyo madame. À toi."

Séphora alinyakua kipaza sauti. "Mathe, uko na masikio, sikia. Koti inalala juu ya meza kama maiti. Kuya Butembo tugombane uso kwa uso. À toi!"

Sasa sauti ilikuwa yake Mathe. "Tafuta mutu mwingine mwenye mabega mbili. Bako bengi. À toi."

"Koti ni ya mwili yako! À toi."

"Koti ni ya ule bwana wa pamba. Uolewe naye. À toi."

"Aïe!" lilisema benchi.

"Nilitaka uonekane muzuri, weye mujinga! À toi."

Kisha Mathe akauliza, bila hasira sasa, "Na kabla ya pamba, ulikuwa unaniona namna gani? À toi."

Séphora alibonyeza kitufe. Alikumbuka soko, alikumbuka alivyolitazama lile bega kwa uchu kama mtu aliyeona bei nafuu, na aibu ikampanda usoni.

"Dada, batiri inaisha," Malachie alinong'ona. "Sema kitu, ao ufunge."

"Terminé," alisema Séphora, ingawa hakutaka kumaliza.

"Kijana ako na haki," alisema mama mmoja kwenye benchi. Séphora alimkata jicho, kwa sababu alijua ni kweli.

Alirudi akafungia mlango, akalifumua koti. Alitoa mkono wa kulia, akatoa kola, akachomoa pamba yote. Bila mtu wa kupima, alifumba macho akamkumbuka Mathe wa siku ya kwanza, ncha ya kitambaa mkononi. Alikata bega la kulia peke yake, chini ya la kushoto, akalishikiza kwa uzi mrefu. Madame Antoinette alipoliona alishika kichwa.

"Umekuwa mwendawazimu? Distinction ilikuwa mukononi! Kiti cha msaidizi nitampa nani?"

"Utampa Emérence wa darasa yetu, Madame. Mutu mwenye anashonea amenyooka."

Asubuhi alipanda lori la viazi lililoshuka Beni. Kwenye barrière, kizuizi cha njiani, wanajeshi waliwashusha wote. Mmoja, macho mekundu, alifungua mfuko wake na kulitoa koti.

"Eloko oyo ya nga," alisema kwa Lingala, na hata asiyejua lugha hiyo alielewa kwamba koti limekuwa lake. Akalivaa juu ya sare.

"Afande, tafadhali, hiyo ni masomo yangu!"

"Nyamaza!"

Alijikunja kulia, akajikunja kushoto, akavuta kola. Upande mmoja ulimbana kwapani, wa pili ukasimama. Wenzake walianza kucheka hadi mmoja akakaa chini. Mwanajeshi alilivua kwa hasira na kumrushia Séphora usoni.

"Nani alikata hii takataka?"

"Miye," alijibu Séphora. Tangu aanze masomo hakuwahi kujivunia kazi yake kama wakati ule.

Alimkuta Mathe kwenye depo, kati ya mapipa, vidole vimejaa mafuta. Mathe hakumkaribisha.

"Njia ni mbaya. Nani alikutuma?"

"Upumbavu yangu. Nawa mikono, uvae."

"Siko bwana wa pamba."

"Pamba nilitupa! Uliniuliza nilikuwa nakuona namna gani. Nitakuambia, na usinikatize, fanya kama tuko kwa phonie. Siku ya kwanza niliona bega. Niliona distinction yangu. Nilikuwa mubaya. Kiisha nikaona mutu, na nikaogopa batu batacheka mutu wangu, ndiyo nikaficha. Nakupenda, Mathe, na minakuchukia pia leo, juu wanajeshi banatupa koti mu uso yangu sababu yako. À toi."

Mathe alinawa mikono. Akavaa. Koti lilimkaa vizuri mgongoni na kifuani, lakini begani pa kulia palibaki mkunjo mdogo.

"Hapo nilikata na macho," alisema Séphora. "Hapana tosha. Naomba nishike."

Mathe aligeuza uso na kuinamisha kichwa. Séphora alipitisha vidole juu ya mfupa ule, polepole, akahisi pale ulipovunjika na pale ulipojiunga vibaya. Mathe alitetemeka ila hakujitoa. Alipoondoa mkono wote wawili walikuwa wanalia, na kila mmoja akasema ni moshi wa jiko la jirani.

Mbele ya jury, Madame Antoinette alimzunguka Mathe na miwani puani. "Mademoiselle, bega la kulia limeshuka. Kasoro hukurekebisha?"

"Nilirekebisha, Madame. Kasoro ilikuwa kwa koti."

Wakamwinua Mathe mkono. Kola haikusogea. Wakatafuta mkunjo mgongoni, wakakosa. Hata hivyo sheria ilibaki sheria. Séphora alipata diploma bila distinction, na kiti cha msaidizi kikaenda kwa Emérence. Iliuma. Alishuka ngazi za chuo akipangusa macho kwa ncha ya kitenge, na Mathe nyuma yake.

"Umepoteza kiti juu ya bega yangu."

"Juu ya kichwa yako. Bega haina kosa."

"Basi nitalipa. Nitapeleka mbuzi kwa mama yako, kule Musienene."

"Mama yangu hapokeake mbuzi wakonde."

"Na miye hapana oa bibi mwenye kelele."

"Basi usioe!"

"Nitaoa," alisema Mathe. "Jumapili napanda Musienene. Uambie mama apike."

Walitoka barabarani, pikipiki zikipita huku na huku. Séphora alikwenda kusimama kulia kwake, upande wa barabara, ili amkinge na macho ya watu. Mathe alisimama. Alimshika kiuno, akamhamishia upande wa ukuta, na yeye akageuza bega la kulia kuelekea barabara.

"Kaa huko," alisema. "Unafunika koti yangu."