Mchungwa na Walinzi Wake

Kila alasiri, Bibi Nyodo alifagia ua, akateka maji, kisha akasimama chini ya mchungwa kuwatukana maji moto, wale chungu wekundu wakali. Jina hilo la Bibi Nyodo msichana huyu alipewa na shangazi yake aliyemlea, kwa kuwa hapakuwa na kiumbe asiyembinulia mdomo.

"Vichwa vikubwa, akili hamna!" alifoka. "Mti alioupanda marehemu mama yangu mmeugeuza kambi. Kazi yenu kuuma watu tu!"

Siku moja, shangazi akiwa sokoni, Bibi Nyodo aliwasha kitambaa kwenye ncha ya ufito, akavichoma viota vyote.

Msimu uliofuata, kunguni wa miti wakauvamia mchungwa bila wa kuwafukuza. Wakayafyonza machungwa machanga, yakapukutika mfano wa gololi. Bibi Nyodo akayafagia kila alasiri.

"Mti umezeeka," shangazi akakata shauri, akamwita mpasua kuni.

Shoka lilipoinuliwa, Bibi Nyodo alilikumbatia shina. "Shangazi, usiukate mti wa mama! Si uzee. Mimi ndiye niliyewachoma maji moto."

Shangazi akamtazama juu hata chini. "Kumbe! Na hao ndio wasio na akili? Wenzako hushikana, wakashona majani kuwa viota kwa nyuzi zitokazo vinywani mwa watoto wao. Wewe hata kifungo cha sare nakushonea mimi!"

Mpasua kuni akacheka. "Umewaua askari, sasa unawalalamikia wezi?"

Viota vya maji moto vilikuwapo bado kwenye mlimau wa jirani. Shangazi akampa Bibi Nyodo kamba. "Panda, uifunge toka mlimau hadi mchungwa. Wapitishie njia wageni wako."

Alipanda, akaumwa shingoni na mikononi, asithubutu kulalama. Siku chache baadaye, chungu walivuka juu ya kamba, mmoja nyuma ya mwenziwe. Kunguni wakatoweka.

Machungwa yalipoiva, shangazi alisema, "Mti huwapa chungu makao, nao huupa ulinzi. Mola hakuumba kiumbe cha upuuzi, mwanangu. Mwenye dharau hujidharau mwenyewe, kwani huonyesha asivyovijua. Mti umenusurika kwa kuwa ulisema kweli. Ungenyamaza, leo tungeota moto wa kuni za mama yako."

Bibi Nyodo akanyoosha mkono kuchuma. Chungu mmoja akamng'ata kidole. Akafumbua mdomo kutukana, akaufumba.

"Shikamoo, askari," akasema.