Mama Mkwe Asiyeshika Ndoo

Mimi Swabra wa Mtongwe nilikuwa na sifa moja: mama mkwe wangu, Mwanatabu, hashiki ndoo. Alipopimwa akakutwa na kisukari, nilimnyang'anya hata ufagio. Chai mkekani, wali wa nazi mkekani. Akitaka kuinuka, namwambia, "Keti mama. Mimi nipo wa nini?"

Majirani walinisifu. "Mwanatabu kapata mkaza mwana! Tazama alivyonenepa!" Nami kichwa kikavimba.

Lakini vidonge anameza kila siku, sukari yapanda tu. Asubuhi moja akaniambia, "Swabra, naona ukungu." Nikaingiwa na hofu. Dada yake alipofuka kwa sukari hiyo hiyo.

Nilimwita Nyevu, mhudumu wa afya wa mtaa wetu. Akaja na mashine ya kupimia sukari, akamtoboa mama kidole. Kumi na nne, mara mbili ya inavyotakiwa!

"Mama, siku hizi wafanya kazi gani?" Nyevu akauliza.

"Kazi? Swabra hanipi nafasi."

"Hashiki kitu," nikasema kwa fahari.

Nyevu akanitazama. "Basi dada, unamuumiza bila kujua."

Wallahi nilikosa pa kuuficha uso.

"Chakula hugeuka sukari kwenye damu," akaeleza. "Insulini, kemikali inayotengenezwa na mwili, huibishia sukari hiyo hodi ili iingie mwilini. Mafuta yakizidi, hasa ya tumboni, mwili huwa kama kiziwi. Hodi yapigwa, mlango haufunguliwi. Sukari yabaki kwenye damu, yaharibu macho. Ukitembea, misuli huitumia sukari, na mwili huisikia hodi vizuri. Ukipungua hata kilo chache, husikia zaidi."

"Basi niache vidonge?" mama akauliza.

"La, hasha! Endelea navyo. Kwanza nenda kliniki macho yakaangaliwe. Wakikuruhusu, anza kutembea dakika kumi, uongeze polepole mpaka nusu saa. Vaa viatu, ukague nyayo kila siku zisiwe na kidonda. Ukitetemeka na kutoka jasho, ujue sukari imeshuka mno; simama, unywe kitu kitamu."

"Na akikonda?" nikaropoka. "Watu watasema namnyima chakula!"

"Wataka nini, sifa za watu au macho ya mama?"

Nikalia. Nilijua jibu, na lilinitia haya.

Kliniki walisema macho yataokoka sukari ikishuka, wakamruhusu kutembea. Siku ya kwanza tulifika msikitini tu. Mama ahema, mimi nimemshika mkono nikidhani ataanguka. Hakuanguka. Tukapunguza wali, tukaongeza mchicha na samaki. Ufagio nikamrudishia.

Baada ya miezi mitatu, kilo sita zimepungua. Sukari ni saba, na ukungu umeondoka.

Tulipokwenda arusini, jirani yetu Zuleikha akapaza sauti mbele ya wanawake wote. "Mwanatabu! Mbona umekonda? Huyo Swabra hakulishi?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Mama akacheka. "Anilisha, tena anitembeza. Bila yeye ningekuwa kipofu. Na wewe na tumbo hilo, kesho baada ya swala ya alfajiri nakupitia."

Tulipompitia, Zuleikha alikuwa mlangoni, kavaa raba.