Simu ya Mamaw Ocie

Ndugu zangu wa bondeni, na nyinyi wa kule juu mlimani, mengi yamesemwa dukani na kanisani kuhusu nyumba ya akina Slone, na nusu yake ni uongo. Mimi ni jirani. Mamaw Ocie, maana huku kwetu bibi tunamwita Mamaw na babu Papaw, akikaanga nyama yake, harufu inaingia dirishani kwangu. Basi nisikilizeni mimi.

Jumapili moja ya mwezi wa nne nilikuwa mezani kwao. Mamaw alikuwa amepika maharage na mkate wa mahindi, na vitunguu vibichi pembeni. Mumewe, Papaw Harlan, alikuwa kwenye kiti chake, mrija wa oksijeni puani, mashine ikinguruma taratibu nyuma yake. Ujana wake wote aliumalizia kwenye mgodi wa makaa, akatoka na pensheni na mapafu mabovu. Mjukuu wao Corbin, waliyemlea tangu mama yake alipoondoka, alikuwa anakula huku anatutania. Nyuma ya nyumba kijito cha Turkeypen kilikuwa kinapita, maji ya kulowesha kifundo cha mguu tu.

Simu ikalia. Corbin akatoka nayo kibarazani, akarudi uso umemchangamka. Alikuwa na miezi michache tangu aajiriwe ofisi ya maafa ya kaunti, na sasa alikuwa amechaguliwa kuingia kwenye mafunzo ya kuwaendeleza wafanyakazi wapya wa usalama wa umma. Vijana wa zimamoto, wa polisi, wa simu za dharura, wote darasa moja.

"Watakufundisha nini?" Papaw akauliza.

"Mfumo wa uratibu wa matukio, Papaw. Na mnyororo wa amri. Na usimamizi wa rasilimali."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Mambo ya ofisini."

Mamaw akamtazama juu ya miwani. "Hujui."

"Nitajua, Mamaw."

"Basi uliza. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unauliza mpaka kichwa kinaniuma."

Tukacheka wote, na maharage yakaongezwa.

Sasa hapa nawaomba msinielewe vibaya. Mkuu wa ofisi ile, Everett Tackett, si mtu mbaya. Amewahi kumbeba mbwa wangu mgongoni wakati wa theluji. Lakini ni mtu wa haraka, na mtu wa haraka akimfundisha mgeni wa kazi, mgeni anabaki njia panda. Siku ya kwanza aliwagawia vijana majalada mazito, akawasomea ukurasa baada ya ukurasa, kisha akauliza, "Tuko pamoja?" Wote wakaitikia kwa vichwa.

Corbin peke yake aliinua mkono. "Mkuu, siku ya zoezi simu za kuigiza zitakuwa zinaingia. Nitajuaje kwamba hii ni ya kuigiza na hii ni ya kweli?"

Misty Ratliff, binti wa simu za dharura aliyekaa mbele yake, akageuka. "Corbin, kwani wewe jalada lako limekuja bila maandishi?"

Darasa likaangua kicheko. Hata Mkuu alicheka, akasema kila anayeigiza ataanza na neno "zoezi", na likitokea jambo la kweli mtu atasema "hili si zoezi", yote yameandikwa humo, na maswali ya chekechea wayaache ili waende chakula cha mchana. Corbin akashusha mkono. Aliniambia baadaye kwamba masikio yalimwaka moto, na tangu siku ile hakuuliza tena.

Yakafuata mazoezi. Mnayajua, maana wengi wenu mmeshalala kwenye sakafu ya ukumbi wa michezo wa shule mkiwa mmepakwa rangi nyekundu, mkijifanya majeruhi kwa malipo ya kahawa na donati. Na mnajua pia kwamba hakuna aliyewahi kuigiza kama Ocie. Zoezi la mwezi wa tano walimpa namba ya simu ya mazoezi, wakamwambia apige kutoka kwake ajifanye amezingirwa na maji. Akaibandika namba kwenye mlango wa friji, akapiga, akalia, akaomba, akapayuka, "Sichezi mimi, jamani, nakufa huku!" Kule kituoni binti mmoja alitokwa na machozi.

Ila alisahau kusema lile neno. Hakusema "zoezi" hata mara moja.

Kazi yao ina desturi nzuri. Zoezi likiisha wanakaa mezani, na kila mtu anataja kitu kimoja kilichokwenda vibaya. Ndipo watu wa kazi ile wanapojifunzia. Lakini ofisini kwetu meza ile ilikuwa imegeuka ya donati. Siku ile Mkuu alimsifu Ocie, akafungua boksi, akauliza, "Kuna la zaidi?"

Corbin alikuwa nalo. Alikuwa ameona kwamba bibi yake hakusema lile neno, na limemkaa rohoni. Akamtazama Misty, akatazama donati yake. "Kila kitu shwari, Mkuu," akasema.

Jamani, shwari.

Likaja zoezi kubwa la mwezi wa saba, Jumamosi asubuhi, zoezi la mafuriko. Mvua ilikuwa inanyesha kweli, tena mvua ya kutisha, na watu wakasema Mkuu ana bahati, hata hali ya hewa imekuja kumsaidia kuigiza. Mimi nilikuwa ukumbini na rangi kwenye paji la uso, nimepewa jeraha la kichwa. Chumba cha pili walikaa wale vijana, simu mezani, na ukutani ramani kubwa ya kaunti yenye sumaku ndogo nyekundu: hii ni boti, hili ni gari, hii ni timu ya kubeba watu. Simu ya kuigiza ikiingia, wanasogeza sumaku. Boti zenyewe zilikuwa zimepaki nje.

Huku juu milimani, bwawa la zamani la mgodi likavunja ukingo. Turkeypen ikapanda ghafla.

Maji yalipoingia jikoni, Mamaw Ocie hakupiga namba ya dharura. Alipiga ile iliyobandikwa kwenye friji, kwa sababu alijua upande wa pili yuko mtoto wake. Kosa lake ni hilo moja, na mimi simlaumu.

"Kituo cha uratibu, Slone anaongea."

"Corbin, maji yameingia jikoni."

Corbin akanyoosha mgongo. Akaona wamemtegea mtihani, wamemtafuta bibi yake mwenyewe wamjaribu. Akafuata mwongozo. "Taja mahali ulipo, mama."

"Mahali nilipo? Wewe mtoto, umekulia humu!"

"Mko wangapi?"

"Mimi na Papaw wako. Umeme umekatika, mashine yake imezima. Corbin, leo sichezi."

Leo sichezi. Ndugu zangu, ningekuwa mimi ningefanyaje? Mwezi wa tano alisema hivyo hivyo. Hakusema "zoezi", lakini na mwezi wa tano hakusema. Sauti ilikuwa inatetemeka, na mwezi wa tano ilitetemeka. Kijana akachanganyikiwa. Hakuna aliyemwambia kwamba Mamaw yumo kwenye waigizaji wa leo, wala kwamba hayumo. Mkuu alikuwa hatua chache tu kutoka kwake, anakunywa kahawa. Swali lilikuwa dogo kabisa: Mkuu, hii ni ya kweli?

Akainua mkono nusu. Misty akageuka kumtazama. Corbin akajikuna sikio, akaushusha.

"Msaada uko njiani," akasema kwenye simu. "Tulieni hapo hapo mlipo."

Akasimama, akasogeza sumaku nyekundu mpaka Turkeypen.

Kule jikoni Ocie akaweka simu chini, akamwambia mumewe, "Amesema wanakuja. Tutulie." Kulikuwa na ngazi ya kwenda darini. Kulikuwa na mtungi mdogo wa oksijeni wa akiba chumbani, na wakati ule maji yalikuwa bado hayajafika magotini. Hawakwenda popote. Walimwamini mtoto wao.

Baadaye kidogo nikaenda kuchukua kahawa, na Corbin akaja mezani. Alikuwa anatabasamu, kikombe mkononi.

"Bi Nadine, Mamaw leo kawazidi wote. Nusura nimwamini."

"Kawazidi wapi?" nikamwambia. "Ocie hajaja. Kaniambia jana usiku Papaw hajisikii vizuri, hataki kumwacha."

"Anaigizia nyumbani. Kwa simu."

"Haigizi leo, Corbin. Nimekwambia kakataa."

Sijawahi kuona uso ukibadilika namna ile, na sitaki kuuona tena. Kikombe kikamdondoka. Akakimbilia chumbani kwao akisema kwa sauti, "Hili si zoezi! Turkeypen, hili si zoezi!"

Na hapo, wapendwa, ndipo palipotisha zaidi. Hakuna aliyeinuka. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Misty akaandika saa. Mkuu akafungua karatasi zake za ratiba ya simu za kuigiza, akatafuta, akasema polepole, "Hiyo kwangu haipo. Nani kakupa hiyo?"

"Hakuna aliyenipa, Mkuu. Ni bibi yangu."

"Ndiyo, lakini ni ya saa ngapi?"

Corbin akaenda ukutani, akazifagia sumaku zote kwa mkono, zikatawanyika sakafuni. Kisha akasema, na sasa hakupaza sauti, "Sijui nifanyeje. Nisaidieni."

Ndipo wakainuka.

Boti iliwakuta. Ocie alikuwa amekaa juu ya meza ya jikoni, maji yanamfika kiunoni, amemkumbatia Papaw Harlan kwa nyuma ili kichwa chake kisizame. Alikuwa amemshikilia hivyo muda mrefu. Papaw hakuzama. Pumzi ilimwishia tu, bila mashine. Kijana wa zimamoto alipomshika mkono, Ocie akamuuliza, "Nyinyi ndio wale wa Corbin?"

Tulimzika Jumatano. Corbin alisimama mbali na kaburi, upande wa magari, na Ocie hakumwita. Watu waliuliza nani wa kulaumiwa, na mimi kila nikijaribu kumkasirikia mmoja namkuta mwingine amesimama nyuma yake. Mkuu na haraka zake. Misty na ulimi wake. Ocie na namba ya friji. Sisi wote tuliomshangilia aliposahau lile neno. Hata leo bado kichwa changu hakijatulia.

Wiki iliyofuata walikaa kwenye ile meza. Nilialikwa kwa sababu nilikuwepo. Hapakuwa na donati. Mkuu akaanza kusoma taarifa, na Corbin akasema, "Mkuu, naomba nianze mimi."

Akasema: "Sikuelewa. Siku ile sikuelewa, na darasani sikuelewa. Nusu ya maneno ya lile jalada siyajui mpaka leo. Niliona aibu. Niliona heri nikosee kuliko mnicheke."

Kisha Misty, macho mekundu, akasema, "Na mimi sikuelewa. Nilikucheka nisije nikaulizwa mimi." Wa tatu akakiri, na wa nne. Meza nzima. Mkuu Tackett akavua kofia. "Nilidhani mnajua," akasema. "Mlikuwa mnaitikia."

Siku hizi ofisini kwao haitoshi kuitikia. Mkuu akimaliza kufundisha, kila kijana anamrudishia maelezo kwa maneno yake mwenyewe, na mkongwe mmoja anakaa naye bega kwa bega mpaka akomae. Simu inayoingia siku ya zoezi bila lile neno inahesabiwa ya kweli, hata akipiga nani.

Ocie alikaa kwa dada yake miezi mingi. Corbin alikuwa akimpelekea chakula, anakiacha kibarazani, anaondoka. Mwezi wa tano ukarudi, na zoezi likarudi. Nikashangaa kumwona Ocie anaingia ukumbini na gauni lake la kanisani, anapanga foleni ya kupakwa rangi. Hakumsemesha mtu. Wakampaka, akalala sakafuni, macho juu.

Corbin alikuwa anapita akikagua majeruhi. Alipomfikia, akasimama. Kisha akapiga magoti.

"Mamaw," akasema. "Hii ni ya kweli au ni zoezi?"

Ocie akageuza kichwa. Akanyoosha mkono wenye rangi nyekundu, akamshika shavu.

"Ni zoezi, mwanangu," akasema. "Asante kwa kuuliza."

FUNZO

Wewe kijana uliyeajiriwa juzi, uwe wa zimamoto, wa polisi, wa hospitali au wa simu: usipoelewa, sema. Aibu ya kuuliza inaisha kabla ya chakula cha mchana. Ile ya kunyamaza, Corbin anakwenda nayo makaburini kila Jumapili.

Nanyi wakubwa wa kazi, mwacheni anayejifunza aulize, hata likiwa swali la chekechea. Msihesabu vichwa vinavyoitikia. Na wewe unayependa kumcheka mwenzako akiinua mkono, kumbuka kwamba siku moja mkono ule ndio utakaotakiwa kuinuka kwa ajili ya nyumba yako.

Ocie amerudi kwake, na ile namba ya mazoezi ameibandua kwenye friji.